Kinu cha madini: faida huvujia kwenye pampu ya tope

MWEKEZAJI mdogo anayeombwa mchango wa kujenga kinu cha kuchenjua madini huonyeshwa kwanza karasha, kisha matangi, kisha hesabu ya gramu zitakazotoka kila wiki. Pampu ya tope haionyeshwi. Huwa imejificha chini ya jukwaa, imejaa matope, na katika orodha ya vifaa huandikwa kwa mstari mmoja tu: "pampu na mabomba". Mstari huo ndio unaoamua kama mchango utarudi.

Wiki hii ukurasa huu unaandika kwa ajili ya msomaji wa Maposeni na vijiji vya jirani katika Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma. Fedha za huko hutokana zaidi na mahindi. Baada ya mavuno, fedha za Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na za walanguzi zikishaingia mifukoni, watu wa mitaji huanza kupita. Wengine huuza mashamba, wengine viwanja, na siku hizi wapo wanaouza sehemu katika mitambo ya madini.

Mvuto wa madini una msingi. Maposeni iko jirani na Peramiho, magharibi ya mji wa Songea. Mbele yake, upande wa Mbinga, kuna makaa ya mawe ya Ngaka, na kusini kuna bonde la makaa la Mhukuru. Mashariki, baada ya Namtumbo, kuna urani ya Mto Mkuju, ambako Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha uchenjuaji. Mbele zaidi ni Tunduru, ambako tangu katikati ya miaka ya 1990 changarawe za mito zimetoa yakuti na vito vingine vilivyoleta wanunuzi kutoka mbali.

Madini haya hayafanani, lakini popote yanaposagwa au kuoshwa kwa maji, kazi huishia kwenye jambo moja: mchanga na maji vinachanganywa kuwa tope, na tope hilo lazima lisukumwe kutoka hatua moja hadi nyingine. Likisimama, kinu kimesimama.

MFANO WA MASHINE YA UNGA

Asiyewahi kuingia kinu cha madini aanzie kwenye mashine ya kusaga mahindi. Nyundo zinavunja punje, chekecheo linapitisha unga, halafu feni inausukuma kwa upepo hadi kwenye lile pipa la bati lenye umbo la koni. Humo upepo unazunguka, unga unashuka kwenye gunia na upepo unatokea juu. Feni ikichoka, unga hurudi nyuma, mashine huziba na foleni ya wateja hurefuka.

Kinu cha dhahabu hufanya vivyo hivyo, ila badala ya upepo kinatumia maji. Karasha inavunja mawe, kinu cha mipira ya chuma kinasaga, na tope linashuka kwenye kisima kidogo. Pampu inalinyonya kutoka kisimani na kulipandisha hadi kwenye saikloni, ambayo ni koni ile ile ya mashine ya unga. Chembe nzito na kubwa hutoka chini na kurudishwa kusagwa tena. Chembe laini hutoka juu na kwenda kwenye matangi ya sayanidi na kaboni.

Mwekezaji azingatie jambo moja hapa. Saikloni haina mota. Nguvu yake yote ni shinikizo linaloletwa na pampu. Pampu ikisukuma kwa vipindi, mara nyingi mara kidogo, saikloni hushindwa kutenganisha. Chembe kubwa huponyoka na kwenda kwenye matangi dhahabu ikiwa bado imefungwa ndani ya jiwe. Sayanidi haiifikii. Dhahabu hiyo hutoka na marudio na kulala bwawani, na mwenye kinu hulaumu jiwe kuwa ni maskini.

SI PAMPU YA MAJI

Kosa linalojirudia katika mitambo midogo ni kununua pampu ya maji, ya kumwagilia mashamba au ya kupandisha maji kwenye matangi, na kuifungia kazi ya tope. Siku ya kwanza inafanya kazi vizuri. Baada ya majuma machache impela imeliwa kama sabuni, kasha limetoboka, na tope linapita pembeni ya shafti hadi kwenye beringi.

Mchanga wa mawe yenye dhahabu kwa kawaida una kwazi nyingi, na kwazi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Tatizo hili ni la zamani katika nchi za migodi. Mwaka 1938 mhandisi Charles Warman, huko Kalgoorlie, Australia Magharibi, alitengeneza pampu kwa ajili ya tope la migodi, na jina lake bado limo kwenye pampu za aina hiyo. Kampuni ya Weir ya Scotland iliinunua biashara ya Warman mwaka 1999.

Tofauti ya pampu ya tope na ya maji inaonekana kwa macho. Pampu ya tope ina kasha nene lenye kitambaa cha ndani kinachobadilishwa. Kitambaa hicho huwa mpira au chuma kigumu chenye kromu nyingi. Impela yake ni kubwa na ina mabawa machache yaliyo mbali mbali ili chembe zipite. Shafti ni nene na fupi. Nayo huzunguka polepole, mara nyingi kwa mkanda na puli, ili mwendo ubadilishwe bila kubadili mota.

Mwendo ndio siri ya maisha ya pampu. Ulaji wa chuma hauongezeki sambamba na mwendo, bali huongezeka karibu na kipeo cha tatu. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 20, ulaji unashuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo pampu kubwa inayozunguka taratibu huishi kuliko pampu ndogo inayopiga kelele, hata kama zote zinatoa tope sawa.

Kuhusu kitambaa, kanuni ya mafundi ni hii: mpira kwa mchanga laini, chuma cha kromu kwa chembe kubwa na zenye ncha. Mpira hudunda chembe ndogo, lakini kipande kimoja cha jiwe kali au cha mpira wa kusagia kilichovunjika huuchana. Mafuta na joto kali pia huuharibu. Anayeuziwa pampu ya mpira aulize kwanza kama kinu kina chekecheo la kuzuia takataka kabla ya kisima.

BOMBA KUBWA SI BORA

Hesabu ifuatayo si ngumu, na mwanachama yeyote wa kikundi anaweza kuifanya kwenye daftari.

Tuchukue kinu kinachosaga tani 10 kwa saa. Mawe yana uzito mara 2.7 ya maji, na tope lina asilimia 30 ya yabisi kwa uzito. Tope lote ni tani 33.3 kwa saa, yaani tani 10 za mawe na tani 23.3 za maji. Lita moja ya tope hilo ina uzito wa kilo 1.23. Ujazo wake basi ni karibu mita za ujazo 27 kwa saa.

Likipita kwenye bomba la milimita 75 kwa ndani, mwendo wake ni mita 1.7 kwa sekunde. Mchanga wa kawaida wa kinu unabaki ukielea. Sasa fundi anashauri: "Wekeni la milimita 100, lina nafasi." Tope lile lile katika bomba hilo linakwenda mita 0.96 kwa sekunde. Mchanga unaanza kukaa chini, njia inakuwa nyembamba, na siku moja umeme ukikatika bomba lote linageuka nguzo ya mchanga. Hapo hufunguliwa kiungo kwa kiungo na kugongwa kwa nyundo.

Katika maji safi bomba kubwa hupunguza gharama. Katika tope bomba kubwa kupita kiasi ni hasara. Hata hivyo bomba jembamba kupita kiasi nalo huliwa haraka na kula umeme. Mbuni mzuri hutafuta mwendo ulio juu kidogo ya ule ambao mchanga unaanza kukaa, na huishia hapo.

Mtego wa pili upo kwenye uzito wa tope. Mwenye kinu akitaka kuokoa maji, akalifanya tope kuwa na asilimia 45 ya yabisi, maji yanashuka kutoka tani 23.3 hadi tani 12.2 kwa saa. Ni akiba kubwa. Lakini ujazo wa tope nao umeshuka hadi karibu mita za ujazo 16 kwa saa, na katika bomba lile la milimita 75 mwendo ni mita 1 tu kwa sekunde. Bomba lililokuwa zuri jana leo linaziba. Kwa tope hilo zito bomba la milimita 50 ndilo linalotoa mwendo wa kutosha, wa mita 2.2 hivi. Anayebadili uzito wa tope abadili na bomba, au asiguse.

BEI YA KUNUNUA NA BEI YA KUISHI NAYO

Wafanyabiashara wa spea wanajua kwamba mteja huangalia bei ya kwanza. Tufanye mfano wa hesabu tu. Msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe.

Pampu ya kwanza ni ya maji na inauzwa Sh. milioni 3. Impela na kasha hubadilishwa kila wiki tatu kwa Sh. 600,000, na kila badiliko linasimamisha kinu saa sita. Kwa mwaka ni mabadiliko 17, Sh. milioni 10.2 za spea na saa 102 za kusimama.

Pampu ya pili ni ya tope na inauzwa Sh. milioni 14. Vitambaa na impela vinadumu miezi sita na vinagharimu Sh. milioni 3 kila mara. Kila badiliko linachukua saa 10. Kwa mwaka ni Sh. milioni 6 za spea na saa 20 za kusimama.

Ikiwa kila tani inayosagwa inaacha faida ya Sh. 40,000 baada ya gharama, saa moja ya kusimama ni Sh. 400,000. Pampu ya kwanza inapoteza Sh. milioni 40.8 kwa kusimama na ya pili Sh. milioni 8. Ukijumlisha ununuzi, spea na kusimama, mwaka wa kwanza pampu "ya bei poa" imegharimu Sh. milioni 54 na pampu "ghali" Sh. milioni 28. Mwaka wa pili ununuzi umekwisha, na hesabu ni Sh. milioni 51 dhidi ya Sh. milioni 14.

Umeme si mzigo mkubwa kama wengi wanavyodhani. Pampu ya mfano wetu ikisukuma tope hadi kimo cha mita 18, msuguano wa bomba ukiwa umehesabiwa humo, inahitaji karibu kilowati 4 kutoka kwenye waya. Kwa saa 20 ni yuniti 80. Kinu chenyewe cha kusaga kinakula zaidi ya hapo mara nyingi.

Kinachoumiza ni umeme kukatika ghafla. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kutoka Makambako, na hali si ile ya enzi za majenereta ya dizeli. Hata hivyo kukatika kwa dakika chache kunatosha kulaza mchanga. Kinu makini kina valvu ya kumwaga tope chini ya bomba linalopanda, na tangi la maji safi lililo juu ili bomba lioshwe bila umeme. Kabla ya kuzima kwa hiari, pampu hupitishiwa maji safi hadi yatoke meupe.

MAJI, PAKINGI NA SAYANIDI

Mahali shafti inapoingia kwenye kasha pana pakingi. Pampu nyingi za tope hupelekewa hapo maji safi yenye shinikizo la juu kidogo kuliko la ndani, ili mchanga usiingie. Kinu kisicho na maji safi ya uhakika hupoteza pakingi, halafu koti la shafti, halafu beringi. Ni mlolongo unaoanza na tundu la kipenyo cha kidole. Zipo pampu zenye impela ndogo ya nyuma inayozuia tope bila maji wakati zinapozunguka, na zipo za wima zinazosimama ndani ya kisima bila pakingi kabisa. Penye shida ya maji, hizo zitazamwe kwanza.

Uvujaji wa pakingi si uchafu tu. Katika hatua ya matangi tope lina sayanidi na lina dhahabu iliyoyeyuka. Linalodondoka sakafuni ni sumu kwa wafanyakazi na ni mali ya wanahisa. Sakafu ya zege yenye mteremko na kisima cha kukusanyia, pamoja na pampu yake ndogo ya kurudisha, si anasa.

Maji yenyewe yana hesabu yake. Kinu cha mfano wetu kinatumia mita za ujazo 467 kwa siku ya saa 20 kama hakirudishi kitu. Hakuna kijito cha kiangazi kitakachovumilia hilo, na kibali cha maji hutolewa na Bodi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Lazima maji yarudishwe kutoka bwawani. Kwa hiyo kinu kinahitaji pampu ya pili, ya kurudisha maji, na bomba lake. Ikiwa haimo katika mchanganuo wa mradi, mchanganuo haujakamilika.

MWISHO WA BOMBA

Tope halipotei baada ya dhahabu kutolewa. Karibu uzito wote uliosagwa unakwenda bwawani. Tani 200 kwa siku ni tani 60,000 kwa mwaka wa siku 300. Anayeonyeshwa kinu aombe kuonyeshwa pia mahali tani hizo zitakapolala.

Nchi ina somo la karibu. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ulibomoka. Tope lilifunika mashamba na kufika kwenye makazi ya watu. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini uzalishaji ulisimama na ulirejea Julai 2023. Mgodi huo ulianza miaka ya 1940 na una wahandisi. Kikundi chenye greda la kukodi kisidhani kwamba tuta la udongo ni kazi ndogo.

Somo la upande wa pili linatoka Bulyanhulu, mgodi uliofunguliwa mwaka 2001. Huko tope hukamuliwa maji hadi kuwa zito kama dawa ya meno, kisha husukumwa kwa pampu zenye nguvu kubwa na kutandazwa juu ya ardhi bila kutegemea ziwa la maji nyuma ya ukuta. Bulyanhulu ilikuwa miongoni mwa migodi ya mwanzo duniani kutumia njia hiyo kwa marudio ya juu ya ardhi. Pampu za namna hiyo ni ghali mno kwa mwekezaji mdogo, lakini kanuni inamhusu: maji yakibaki kidogo bwawani, ukuta unabeba mzigo mdogo, na maji ya kurudisha yanakuwa mengi.

NAFASI KWA WAFANYABIASHARA

Si lazima mtu wa Maposeni anunue sehemu ya kinu ili apate riziki kwenye pampu. Mitambo inayosimama inalipa kwa haraka, na inamlipa yule mwenye spea karibu. Duka la Songea lenye pakingi, beringi, mikanda, puli, mipira ya kuunganishia, valvu na mabomba ya plastiki mazito ya vipimo vinavyotumika lina wateja wasiopatana sana bei. Siku tatu za kusubiri basi kutoka Dar es Salaam zinamgharimu mwenye kinu kuliko faida ya muuza duka.

Ufundi nao ni bidhaa. Kuchonga koti la shafti, kusawazisha puli na kubadili vitambaa ni kazi za karakana yenye mashine ya kukereza. Eneo la Peramiho lina jadi ndefu ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa na Wabenediktini, na vijana wake wanafahamika. Tahadhari ni moja: usijaze stoo kabla ya kujua vinu vinatumia pampu za aina gani. Vitambaa vya aina moja haviingii kwenye nyingine, na mpira ukikaa juani unakufa rafuni.

KABLA YA KUTOA MCHANGO

Kwa kikundi, SACCOS au mtu binafsi anayeletewa mradi wa uchenjuaji, ukurasa huu unashauri maswali sita. Kwanza, pampu ni ya tope au ya maji, na vitambaa vyake vinapatikana wapi? Pili, ipo pampu ya akiba iliyofungwa kando yake, au ni moja tu? Tatu, kipenyo cha bomba kimetokana na hesabu gani ya mwendo? Nne, maji safi ya pakingi na maji ya kurudisha yanatoka wapi mwezi Oktoba? Tano, bwawa limesanifiwa na nani, na litajaa baada ya miaka mingapi? Sita, ziko wapi leseni ya uchenjuaji ya Tume ya Madini, kibali cha maji na cheti cha tathmini ya mazingira?

Anayeuza mradi wa kweli atajibu kwa tarakimu na karatasi. Anayejibu kwa gramu za dhahabu peke yake bado hajafika kwenye pampu, na mchango wa mahindi ya mwaka mzima unaweza kusubiri hadi afike.